Mnaosema asasi za "majengo ya kijani" ni semina na sambusa tu, njooni niwafungulie daftari langu

#1 Karani wa Vuga

Assalam alaykum wana jamvi.

Juzi kwenye uzi wa joto kuna mwenzetu aliandika kwamba hizi asasi za majengo ya kijani kazi yao ni semina hotelini, chai na sambusa, posho, picha ya pamoja, kwisha. Watu wakamshangilia. Nilitaka kumjibu palepale nikajizuia, maana sambusa zenyewe nazilipia mimi.

Mie ni mhasibu wa asasi ya namna hiyo hapa Unguja. Jina silitaji kwa sababu nataka kusema ya ndani na kazi bado naitaka. Huu mwaka wa sita. Nilikuja kumshikia nafasi dada mmoja aliyekwenda kujifungua, miezi mitatu tu. Yeye hakurudi na mimi sikuondoka.

Nataka niwaeleze watu waliomo, nani anafanya nini na daftari langu linamwitaje. Nitaandika vipande vipande, nipo kazini. Msinikatize kabla sijafika kwa mzee wa chokaa, maana uzi huu hasa nimeufungua kwa ajili yake.

#2 Upepo wa Kusi

Mie ndiye niliyeandika ya sambusa. Nimeshakaa, kahawa ipo, kashata ipo. Anza na gari la mkurugenzi. Aina gani?

#3 Karani wa Vuga

Vespa. Na si yake, ya kaka yake.

Ofisi ni vyumba viwili juu ya duka la kanga, Mji Mkongwe, kwa zile ngazi za mbao ambazo huzipandi bila ya bismillahi. Ukuta wake unene wa dhiraa na ziada. Kuna kiyoyozi kimoja tulichokikuta. Mkurugenzi kakataza kisiwashwe, anasema ni aibu kwa asasi kama yetu. Kinawashwa akija mgeni mwenye suti, na mgeni akiaga, hajamaliza ngazi kimeshazimwa.

Mkurugenzi mwenyewe ni msanifu majengo, kasoma nje akarudi. Mkidhani anakaa kuchora majumba mmekosea. Siku tatu za wiki anaandika maombi ya fedha, ya nne anaandika ripoti ya fedha zilizokwisha, na ya tano ni Ijumaa. Mara ya mwisho kumuona ameshika penseli alikuwa akimchorea mwanawe ng'ombe.

Chini yake yupo msanifu kijana, yupo dada wa vipimo, yupo dereva ambaye ndiye pia anayenunua mchanga na kugombana na wauza mchanga. Alikuwapo kijana wa mawasiliano na kamera yake ya kuruka, akachukuliwa na hoteli moja ya Nungwi. Bodi ina watu saba, hawalipwi hata nauli, na wawili kati yao huwa nawaona siku ya mkutano mkuu tu, pale biriani inapofunuliwa. Halafu yupo mzee na vijana wake wawili. Hao watatu hawana meza ofisini.

#4 Mtoto wa Fuoni

Samahani dada, wengine tumechelewa kusoma. Jengo la kijani ndiyo lipi? La kupaka rangi ya kijani au lenye sola juu ya bati?

#5 Karani wa Vuga

Usiombe samahani, mie mwenyewe wiki ya kwanza nilidhani tunauza maua.

Kwa lugha ya wenye vyeti, jengo la kijani ni lile lililopimwa likaonekana linatumia umeme kidogo, maji kidogo, na limejengwa kwa vitu ambavyo kuvitengeneza hakukuchoma nishati nyingi. Upo mfumo unaoitwa EDGE, wa shirika la fedha la Benki ya Dunia, unataka upunguze asilimia 20 katika kila moja ya hayo matatu ukilinganisha na jengo la kawaida la hapo ulipo. Upo wa Marekani, LEED, wenye pointi 110. Ukipata 40 umepita, ukipata 80 unaitwa platinamu. Hivi navijua kwa sababu ada zake zimepita mezani kwangu, hoteli moja ilipotuomba tuwasaidie kupata.

Lakini mtu wa Magomeni au wa Tomondo haji kwetu kutafuta cheti. Anakuja kwa sababu hajalala.

Hapo ndipo anapoingia dada wa vipimo. Msichana wa Mwera, mdogo wa umbo, sauti yake chini kabisa, ila akishaanza kupima hana staha na mtu. Ana vipimajoto vidogo mfano wa kibiriti, anavibandika ndani ya nyumba, kimoja chini ya bati, kimoja ukutani, kimoja kichwani kwa kitanda, anaviacha wiki nzima. Mara moja nilifuatana naye kwenda kuvichukua, Fuoni huko huko kwako. Nyumba mpya, tofali za simenti, bati jipya, dari hakuna, madirisha yote upande wa barazani kwa kuogopa wezi. Mama mwenye nyumba alikuwa analala barazani na wanawe tangu Januari.

Tulifika baada ya Isha. Dada wa vipimo hakutoa hata karatasi. Alimshika yule mama mkono, akauweka kwenye ukuta wa magharibi, kwa ndani. Mama akauondoa upesi kama mtu aliyegusa sufuria. Saa tatu usiku, jua limezama zamani, ukuta bado unatema moto ulioushiba alasiri.

Walichomfanyia si kikubwa. Matundu chini ya mapaa pande mbili ili joto la juu litoke, dari ya bei nafuu, upenu wa makuti upande wa magharibi ukuta upate kivuli, na dirisha moja nyuma, na nondo zake, likabiliane na la mbele. Kaskazi ikivuma ipite, kusi ikivuma ipite. Bibi zetu walijua hayo bila ya kipimajoto, ila bibi zetu hawakuwa na tofali za simenti.

Yule mama alikuwa ameshaanza kuweka fedha za kununua kiyoyozi. Akanunulia cherehani.

#6 Kibaraza

Wenye umri wetu tunayakumbuka mambo ya umeme. Mwaka 2008 kebo ya chini ya bahari iliharibika, mwezi mzima kiza. Hatujasahau, Disemba 2009 ikaharibika tena mpaka Machi 2010. Mimi nilikuwa na flati ghorofa ya nne. Tulihamia kwa mjomba, nyumba ya zamani ya Malindi. Kule watu walilala! Pale ndipo nilipojua kuwa wengine tunajenga friji halafu tunaomba ziunganishwe umeme.

#7 Karani wa Vuga

Mkurugenzi wetu akitaka kuwaamsha watu kwenye mkutano huanza na kisa hicho hicho. Mie nilikuwa skuli wakati ule. Nakumbuka sauti za majenereta kuliko nnavyokumbuka kiza.

#8 Fundi Mwiko

Salamu kwenu. Mie mwashi wa miaka kumi na nane, najenga Bububu mpaka Mahonda. Naomba niseme neno kwa niaba ya mafundi.

Hawa watu wa kijani walinialika mafunzo ya chokaa siku mbili. Sikatai, nilijifunza. Lakini nikirudi kazini mteja ananiambia Ramadhani nyumba ihamiwe. Chokaa haina haraka. Simenti nikiimwaga leo kesho nakanyaga. Chokaa naipiga leo, wiki nzima naibembeleza kwa magunia ya maji kama mgonjwa wa homa. Nani atanilipa siku hizo?

La pili. Mnasema simenti inachoma dunia. Tanuri la chokaa linachoma nini? Magogo. Minazi, miembe, chochote kilichoanguka na ambacho hakikuanguka. Nimekulia karibu na tanuri, moshi wake naujua.

#9 Upepo wa Kusi

Pokea hiyo Karani!

#10 Karani wa Vuga

Nimeipokea, na fundi hajakosea.

Suala la magogo liliwahi kutugombanisha ofisini nusu siku. Dada wa vipimo ndiye aliyelieleza nikaelewa. Simenti tanuri lake linataka joto la kama nyuzi 1,450, chokaa inatosha kama 900. Na vyote viwili jiwe likiungua linatoa hewa ya ukaa, ile iliyofungwa ndani yake. Tofauti ni kuwa chokaa ukishaipiga ukutani inaivuta tena sehemu kubwa ya hewa ile kidogo kidogo, miaka, mpaka inarudi kuwa jiwe. Simenti ya dunia nzima inahesabiwa kutoa kama asilimia 8 ya hewa ya ukaa yote inayotokana na shughuli za watu. Lakini kama umeikatia chokaa yako miembe ya watu, mbele ya Mungu na mbele ya hesabu hujafanya kitu. Kwa hiyo sisi hatumwambii mtu ajenge nyumba mpya nzima kwa chokaa. Tunasema nyumba iliyozaliwa kwa chokaa itibiwe kwa chokaa. Nyumba mpya ina dawa nyingine: kivuli, upepo, tofali za udongo ulioshindiliwa pale penye udongo wa kufaa. Kinongo, ule udongo mwekundu, kinafaa. Kinamo, ule mzito unaonata, usijaribu, kikikauka kinapasuka kama kisigino.

Na la kulipwa siku za kubembeleza, nalifikia sasa hivi. Ndilo lenyewe.

#11 Mkonde wa Pemba

Haya ya Mji Mkongwe mtamaliza lini? Kisiwani kwetu huku watu wanabomoa viambaza vya udongo vizuri tu, wanaweka tofali na bati, wanaoka kama mkate. Asasi yenu inajua kuwa Pemba ipo?

#12 Karani wa Vuga

Inajua. Subira kidogo ndugu yangu, nitakujibu.

Sasa mzee.

Simtaji jina. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia kimepinda kwa ndani, kilivunjwa na jiwe akiwa kijana. Hii itakuja kuwa na maana. Uashi alirithi kwa baba yake, halafu miaka ya 1990 alikuwamo kati ya mafundi waliokarabati Zahanati ya Kale pale Mizingani. Kiingereza chake kimeishia kwenye "morning". Hati yake ni ya Kiarabu, nzuri ajabu, na ndiyo anayosainia vocha zangu.

Mara ya kwanza kumuona kazini ilikuwa nyumba moja ya Shangani. Mwenye nyumba analalamika kuwa anapaka rangi kila mwaka na kila mwaka rangi inaanguka. Ukuta mzuri kwa macho, lipu laini ya simenti. Mzee hakusema kitu. Aligeuza mwiko, akaanza kugonga ukuta kwa mpini, tok, tok, tok, polepole kutoka chini kwenda juu, sikio karibu. Mahali fulani sauti ikabadilika ikawa ya tundu. Akagonga tena hapo. Akasema, "Ukuta huu unakohoa."

Akaingiza ncha ya mwiko, akasukuma kidogo. Pande la lipu kubwa kama sinia likadondoka zima zima. Nyuma yake mawe ya matumbawe yameroa, na juu ya mawe unga mweupe. Nikadhani ni chokaa. Akauchota kwa kidole, akanipa nionje. Chumvi.

Alinieleza hivi. Kuta zile ni mawe ya matumbawe na chokaa na udongo. Zinakunywa maji ya ardhini, za pwani zinakunywa na chumvi. Zamani hakikuwa kitu, ukuta unakunywa usiku, mchana unatoka jasho, umekauka. Ukija wewe ukaupiga simenti umemvisha mtu koti la nailoni wakati wa kaskazi. Jasho halina pa kutokea. Linapanda juu, linatafuta vichwa vya boriti mahali vilipoingia ukutani, linaviozesha kidogo kidogo. Vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazifiki mbali, kama mita tatu basi. Kila sakafu imekaa juu ya vichwa hivyo. Vikioza, sakafu haitoi barua ya kuaga.

Beit al-Ajaib ilipoporomoka, Disemba 25, 2020, na mafundi wawili wakafa, mzee alikuwa ofisini kuchukua malipo. Jengo la Sultani Barghash, la 1883, limetazama bahari maisha yetu yote. Alikaa kwenye ngazi. Hakuuliza jengo. Aliuliza mafundi, watoto wa nani.

#13 Bint Malindi

Nimesoma hapo nikasimama. Siku ile sote tulikimbilia Forodhani.

#14 Fundi Mwiko

Mwiko kugonga kwa mpini ni kweli. Vijana wa sasa wanagonga kwa simu, wanapiga picha.

#15 Karani wa Vuga

Hahaha, kuhusu picha ngojea.

Daftari langu sasa. Fedha za mradi zinakuja na vifungu vyake, huandiki unavyotaka. Kuna kifungu cha Washauri Wataalamu, cha Wakufunzi, cha Vibarua. Mshauri analipwa kwa siku, pesa ya kumfanya mtu atabasamu. Mkufunzi kama nusu yake. Kibarua analipwa kama kibarua. Na ili niandike mtu kuwa ni mkufunzi lazima niambatanishe cheti chake.

Mzee cheti hana. Kwa hiyo nilipoikuta kazi, mzee alikuwa kwenye Vibarua, na mimi nikaendelea kumwandika Vibarua. Miaka miwili. Sikufikiri. Karani huandika palipoachwa na karani.

Halafu tukafanya mafunzo makubwa. (Ndiyo, hotelini. Ndiyo, sambusa.) Asubuhi alisimama mtaalamu mgeni, mtu mzuri sana, hana kiburi, akazungumza saa moja na nusu juu ya chokaa na picha zake ukutani. Mchana watu wakatolewa nje kwenye jua, wakakabidhiwa kwa mzee. Kwa muda wa saa nne alikuwa nao. Akawaonesha mawe yaliyochomwa yanavyotiwa majini yakachemka kama mbatata, akawaonesha chokaa iliyolala shimoni miezi mitatu na iliyolala wiki moja, akawafumba macho wazitambue kwa vidole. Iliyoiva inateleza kama siagi, changa ina punje. Akapindua mwiko chini juu, chokaa nzuri ikabaki imening'inia haianguki. Kipimo kimoja chokaa, vitatu mchanga, na mchanga akaulamba kwanza kuona kama una chumvi ya pwani. Msanifu mmoja wa serikalini, mtu mzima na kanzu yake safi, alipiga magoti kwenye matope kutaka kuona vizuri.

Jioni nikakaa kuandika vocha. Ya mgeni: Mshauri Mtaalamu. Ya mzee: Kibarua, siku moja.

Na hapo nilikuwa nimeachiwa nakala ya picha za mgeni niziweke kwenye ripoti. Nikawa nazipitisha moja moja. Picha ya kumi na mbili: mkono umeshika mwiko, umebeba chokaa, uso hauonekani. Kidole cha shahada kimepinda kwa ndani.

Nilizipitia zote tena. Picha tisa katika thelathini ni mikono ya mzee, zilizopigwa na kijana wetu wa mawasiliano miaka ya nyuma, tukazitoa sisi wenyewe kwa moyo mkunjufu. Mgeni hakuiba kitu. Tulimpa. Alilipwa kufundisha kwa picha za mikono ya mtu aliyekuwa amekaa nje anasubiri zamu yake, na mimi ndiye niliyelipa wote wawili, na tofauti ya vocha hizo mbili nilikuwa naijua kwa senti.

Sikulala vizuri, na nyumba yetu ina upepo.

#16 Upepo wa Kusi

Dada, umeninyamazisha. Ila bado nasema: semina ya hoteli ya nini basi? Si mngewapeleka moja kwa moja kwa mzee?

#17 Karani wa Vuga

Swali hilo nimemuuliza mkurugenzi kwa maneno hayo hayo. Jibu lake: mfadhili anatoa fedha za semina kwa sababu semina ina idadi. Waliohudhuria arubaini, wanawake kumi na tano, picha, sahihi. Kumlipa mwashi akae wiki moja anaroweka magunia na kuutazama ukuta, utaiandikaje kwenye jedwali la matokeo? Ukuta mmoja umekauka vizuri?

Kwa hiyo ya sambusa hujakosea mia kwa mia. Naweka nusu. Robo tatu siku nyingine.

#18 Mtoto wa Fuoni

Mzee mkamfanyaje?

#19 Karani wa Vuga

Niliwaandikia wafadhili barua kupitia kwa mkurugenzi, kuomba mzee ahamishwe kifungu. Wakataka ushahidi wa sifa. Tukapeleka barua ya sheha, kiongozi wa mtaa wake. Wakasema barua ya sheha inathibitisha makazi. Tukakusanya barua za wenye nyumba kumi na moja aliowatengenezea, pamoja na picha za kuta zao kabla na baada. Dada wa vipimo akaongeza la kwake: alipima unyevu wa kuta tatu kila mwezi mwaka mzima, akaambatanisha. Hilo ndilo lililowagusa, karatasi yenye mistari. Ilichukua muda wa kuzaa mtoto na kumwachisha ziwa, lakini wakakubali. Mzee akawa Mkufunzi Mkuu wa Uashi wa Asili, maneno yao hayo. Siku za kungojea ukuta ukauke zikaingizwa humo humo, nadhani bila ya wao kutambua.

Mwezi wa kwanza nikamletea fomu mpya ya mahudhurio. Jina, tarehe, wadhifa, sahihi. Nikamwambia, "Ami, hapa kwenye wadhifa sasa unaandika mkufunzi." Akaitikia vizuri, akachukua kalamu, akaandika kwa hati yake ile. Nimefika juu kuisoma: mwashi.

Nikashuka tena. Nikamwambia ami, mkaguzi atanirejeshea. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani mwanangu, mkufunzi anajenga nini?"

Fomu zote za mwaka ule zimeandikwa mwashi. Mkaguzi wa hesabu hasomi hati ya Kiarabu, alhamdulillahi.

#20 Fundi Mwiko

Mpe salamu zangu. Mwambie yule mwenye fulana nyekundu aliyemwaga ndoo.

#21 Kibaraza

Na kule Fumba je? Si wanasema kutajengwa mnara wa mbao, Burj Zanzibar, ghorofa 28, mita 96. Tangu 2021 tunasikia. Hiyo nayo kijani?

#22 Karani wa Vuga

Msanifu wetu kijana anaweza kukuzungumzia mbao mpaka Alfajiri. Mti uliokatwa shamba la kupanda, ukaweka mwingine, ukajengea, hewa ya ukaa imefungwa ndani ya nguzo. Hesabu yake inaeleweka. Mzee alipooneshwa mchoro aliuliza neno moja tu: mchwa?

#23 Mkonde wa Pemba

Bado nangoja jibu langu.

#24 Karani wa Vuga

Nisamehe, nilikuwa benki.

Pemba tulikuwa na mradi miaka miwili, nje kidogo ya Wete, fedha zikaisha. Kilichofanyika: mapaa sita ya skuli na misikiti yakafungwa mifereji na matangi ya maji ya mvua. Hesabu yake hata mie naiweza. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 90 za mraba, mvua ya milimita 40, lita 3,600, toa zinazopotea na za mwanzo zinazoosha vumbi. Masika ya Pemba unayajua mwenyewe. Kilichobaki kufanyika ni hicho unachokilalamikia, viambaza. Hakuna aliyekwenda kuwaonesha watu kuwa kiambaza kilichokandikwa vizuri, chenye msingi wa mawe na upenu mrefu, hakiogopi mvua. Tuliliandika kwenye maombi mara mbili. Mara mbili tumeambiwa nyumba za udongo si maendeleo.

#25 Mkonde wa Pemba

Aliyesema hivyo analala wapi?

#26 Karani wa Vuga

Kwenye kiyoyozi, naamini.

#27 Bint Malindi

Dada Karani, na huyo wa vipimo? Nina mdogo wangu anasoma fani hiyo, nataka nimwambie kama kuna ajira.

#28 Karani wa Vuga

Nitakwambia kama ninavyomwambia mdogo wangu mwenyewe. Mkataba wake unaisha Juni. Hoteli mbili zimeshamwita, moja kwa mshahara mara mbili na nusu, kazi ya kusimamia viyoyozi visile umeme mwingi. Hajajibu. Mkurugenzi anaandika maombi usiku na mchana ili apate fedha za kumbakisha, na maombi hayo yanajaa namba alizopima yeye mwenyewe. Akiondoka, vipimajoto vitabaki kwenye droo yangu, ninazo funguo, ila sijui kuvisoma.

Kwa hiyo ajira ipo. Ya miezi kumi na minane kwa wakati.

#29 Upepo wa Kusi

Ya sambusa nafuta nusu. Sasa swali la mtu mzima: ukuta wangu wa Kikwajuni, simenti, rangi inadondoka kama magamba ya changu. Nimtafute mzee?

#30 Karani wa Vuga

Kwanza ukuta wako ni wa mawe au wa tofali? Kama ni tofali za simenti, mzee hatakuja, si ugonjwa wake. Angalia bomba la maji la jirani na angalia msingi kama una nailoni ya kuzuia unyevu. Kama ni wa mawe, usipake rangi nyingine na usimruhusu mtu apige lipu mpya juu ya ile. Gonga kwa mpini wa mwiko, chini kwenda juu, uweke alama ya chaki kila panapotoa sauti ya tundu. Piga picha za alama, nitumie kwa ujumbe wa faragha pamoja na mtaa, nitazifikisha kwake. Simu yake ni ya kitochi, kwa hiyo nazichapisha mie kwa wino wa asasi.

Anakuja Jumamosi, Ijumaa haendi kwa mtu. Kahawa iwe chungu, na mpe kiti kisicho cha plastiki, vile hataki kukalia.

#31 Upepo wa Kusi

Nimegonga. Nyumba nzima inakohoa.